Maji Yaliyomngoja Mgeni Rasmi

Kwa karibu mwezi mzima sikulala vizuri kwa sababu ya swali ambalo hata leo naona aibu kuliandika: mtu akiwafungulia watu maji yaliyochimbwa kwa ajili yao, atakuwa ameiba? Nililigeuza swali hilo kila upande katika chumba changu cha kupanga pale Mabatini, mjini Mwanza. Kama ni wizi, nitakuwa nimemwibia nani? Kama si wizi, mbona naogopa kama mwizi? Na kama naogopa, je, si dalili kwamba mwenyewe najua ni kosa? Nilikuwa hivyo tangu shuleni. Nikiulizwa jibu, naanza kwanza kujiuliza kwa nini nimeulizwa.

Niseme kilichokuwa kimetokea.

Nilimaliza chuo kikuu, uhandisi wa maji, katika miaka ile ambayo serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi. Waliotutangulia walikuta barua zinawasubiri. Sisi tulikuta soko huria. Baba yangu alikuwa amepunguzwa kiwandani, akawa anashinda sokoni Kirumba akinunua vichwa na mifupa ya sangara, ile minofu ikiwa imekwishapanda ndege kwenda Ulaya. Kwa hiyo nilipopata mkataba wa muda katika idara ya maji kule Misungwi, nyumbani walisali kwa furaha. Mkataba ulikuwa wa majaribio. Niliahidiwa kwamba nikifanya vizuri nitaajiriwa moja kwa moja.

Nilipewa mradi mmoja tu: kisima kirefu, mashine ya dizeli, tangi na mabomba manne katika kijiji kilicho kwenye ghuba ya ziwa. Kutoka kila mlango wa kijiji kile unaliona ziwa, na ndiyo maana watu wa mjini walikuwa wananicheka. "Unawachimbia maji watu waliokaa juu ya maji?" Hawakuwa wamefika mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa. Gugu maji lilikuwa limefunika ufuko wote, limeshikana kama mkeka. Ukitaka kuchota, unalisukuma kwa mkono, halafu unachukua yaliyo chini yake, ya kijani, yenye harufu ya kitu kilichooza. Ng'ombe walikunywa hapo hapo, na hapo hapo wavuvi waliosha mitumbwi yao.

Mitaro ya mabomba walichimba wanakijiji wenyewe, na kusema kweli walichimba wanawake. Wanaume walikuja siku ya kwanza, wakapigwa picha na wafadhili, wakarudi kwenye ng'ombe na nyavu zao. Wakati wa kazi hiyo nilifikia kwa mama mmoja mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuvusha ng'ombe barabara. Ndiye aliyekuwa akiwapanga wanawake kwenye mtaro. Aliniita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama au binti wanayempenda, na alikuwa akimlea mjukuu wake wa miaka minne ambaye kila jioni alinivua viatu bila kuombwa na kuvivaa yeye.

Siku ya kujaribu mashine, maji yalitoka. Yalitoka na matope kwanza, kisha mekundu, kisha meupe kabisa. Wanawake walipiga vigelegele hadi nikatokwa na machozi. Walijaza ndoo zao siku hiyo moja. Sampuli ikapelekwa maabara Mwanza, majibu yakarudi kwamba maji ni safi.

Kisha nikafunga.

Nilifunga mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa sababu mhandisi wa wilaya, mkubwa wangu, aliniagiza. Kwetu mradi ukiisha hautumiki mpaka uzinduliwe. Lazima aje mgeni rasmi, akate utepe, afungue bomba, aonje maji mbele ya watu, apigiwe makofi. Maji yakitoka kabla ya mgeni, mgeni atafungua nini? Basi nilichomoa hendeli, kile chuma kilichopinda cha kuzungushia mashine ili iwake, nikaifunga kwenye gazeti na kuondoka nayo. Nikafunga na utepe kwenye bomba la kwanza. Wakati huo sikuona ubaya wowote. Niliambiwa ni wiki mbili. Hata nilimpelekea fundi kitenge anishonee nguo ya siku hiyo, maana nilitaka mgeni rasmi aambiwe kwamba mhandisi wa mradi huu ni yule binti pale.

Hilo la kitenge nalitaja makusudi. Nisingependa isomeke kama wabaya walikuwa wengine tu.

Wiki mbili zikawa miezi. Mwanzo mgeni rasmi alikuwa mkuu wa wilaya. Kisha mtu mmoja akasema uchaguzi unakaribia, mradi mkubwa kama huu unamfaa mkuu wa mkoa. Ofisi ya mkoa ikakubali, halafu ikafikiri tena ikasema yupo waziri ambaye kwao ni karibu na hapa, ataumia akisikia amerukwa. Kila mgeni alipobadilika, jiwe la uzinduzi lilirudishwa kwa fundi kuchongwa jina jipya. Lilichongwa mara tatu. Lilikuwa jiwe zuri. Tuliligharimia na kulifunika kitambaa ili jua lisiliharibu, na watu walikuwa wakilipita na ndoo za maji ya magugu kichwani.

Tulikuwa na kamati ya maandalizi, na mimi ndiye niliyekuwa katibu wake. Nimewahi kukaa asubuhi nzima katika kikao hicho watu wazima wakijadili rangi ya utepe, kwa kuwa ule niliokuwa nimeufunga ulikuwa umepauka.

"Kijani hapana," afisa mmoja alisema. "Vyama vingi hivi, upinzani watalalamika."

"Weka buluu."

"Buluu nayo ina wenyewe siku hizi."

"Nyeupe basi!"

"Nyeupe? Waziri anakuja kuzindua au kuzika?"

Wakacheka, na mimi nikacheka. Nikaandika kwenye muhtasari: kamati iliafiki utepe mwekundu. Uliafikiwa kwa sababu ndio uliokuwa dukani. Chai ikaletwa na sambusa, nikala.

Shule ya kijiji ilikuwa imeacha kipindi cha hesabu ili kwaya ifanye mazoezi. Nilipokwenda kufunga utepe mpya niliwasikia. Walikuwa wanamshukuru mheshimiwa kwa maji safi na matamu. Watoto hao walikuwa na chupa za maji ya ziwa kando ya miguu yao. Nilisimama nikiwasikiliza, hasira ikanipanda, na kama kawaida yangu nikaanza kuichunguza. Je, hasira hii ni ya haki au ni ujana? Je, naelewa siasa au najifanya naelewa? Mpaka nimalize kuichunguza, ilikuwa imepoa na utepe ulikuwa umefungwa.

Siku hiyo nilimfuata mwenyekiti wa kijiji nyumbani kwake. Alikuwa mtu mpole, mwenye heshima zake, aliyekuwa akikarabati jembe la kukokotwa na ng'ombe.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba binti yangu. Umetuletea tarehe?"

"Bado. Mwenyekiti, kwa nini kijiji kisiandike barua kuomba maji yafunguliwe sasa, sherehe ije baadaye?"

Aliweka nyundo chini. Aliniangalia kama mtu anayemtazama mtoto aliyekaribia moto.

"Unakijua kijiji kile cha ng'ambo ya mlima? Walijenga zahanati. Nzuri kuliko ofisi yako. Wakachoka kusubiri mgeni, wakaifungua wenyewe, wakachinja mbuzi wao, wakala. Unajua nini kilitokea?"

"Sijui."

"Hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo adhabu. Hakuna muuguzi, hakuna dawa. Wakienda wilayani wanaambiwa, ninyi si mnajitosheleza? Sasa zahanati wanafugia kuku." Akaokota nyundo. "Sisi tunataka barabara, binti. Tunataka walimu. Ukimnyima mkubwa makofi yake, anakunyima vyote. Tutakunywa ya ziwa, tumeyazoea."

Nilitamani awe mjinga au mwoga ili nimkasirikie vizuri. Hakuwa. Alikuwa amepiga hesabu ya nchi yake na jibu lake lilikuwa sahihi. Hicho ndicho kilichonitia uchungu, na mpaka leo kinanitia. Chuoni tulifundishwa kwamba nchi maskini zinakosa mitaji na utaalamu. Hapa mtaji ulikuwepo, utaalamu ulikuwepo, mashine ilikuwepo, mafuta yalikuwepo kwenye pipa lililoandikwa "uzinduzi", na maji yalikuwa yamejaa kisimani. Kilichokosekana ni mtu mmoja kuacha kuogopa mtu mwingine. Juu yake kulikuwa na mwingine anayemwogopa mwingine, mpaka huko juu ambako sijui waliogopa nini.

Kisha watu wakaanza kuharisha.

Ilianza kwa nyumba zilizo karibu na mwalo, ikapanda. Walizikwa wawili, mzee mmoja na mtoto anayenyonya. Ofisini neno kipindupindu halikutamkwa. Kwenye taarifa iliandikwa "kuhara na kutapika", kwa kuwa neno lile likiandikwa, msafara wa waziri hauwezi kuja. Nilimuuliza afisa aliyeiandaa kama kweli ndivyo madaktari walivyosema. Akanijibu, "Dada, wewe ni wa maji au wa afya?"

Mmoja wa waliougua alikuwa mjukuu wa yule mama. Nilipata habari siku ya Jumatano, nikatoka ofisini mbio hadi hospitali. Mtoto alikuwa amelala na dripu, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Viatu vyangu alivitazama lakini hakusogeza mkono. Bibi yake alikuwa ameketi sakafuni, amenyoosha miguu.

"Umekuja, mayu."

"Nimekuja. Pole sana, mama."

"Ameshavuka. Wanasema Ijumaa tunatoka. Daktari amesema asinywe maji mabaya tena. Akirudiwa hana nguvu ya kupona. Nami nimekaa hapa nawaza. Nikifika naye nyumbani, nimpe maji gani?"

"Uchemshe, mama."

"Kuni zipi? Kuni nazifuata mlimani nusu siku. Nipikie ugali au nichemshie maji? Na nikiwa mlimani, akisikia kiu atakunywa ya mtungini kama wenzake. Ana miaka minne, ataulizia kama yamechemshwa?"

Nilimvuta mtoto shuka hadi kifuani.

"Yale ya kwako yapo?" mama aliuliza.

"Yapo."

"Bado yanangoja?"

"Bado."

Mwanamke wa kitanda cha pili, aliyekuwa amelala tukidhani hasikii, akacheka kwa sauti kavu. "Muacheni mheshimiwa ayanywe kwanza. Labda anaogopa tumeyawekea kitu."

"Nyamaza wewe, mtoto wa watu atapoteza kazi," mama alimkaripia. Alisema hivyo kunilinda mimi. Nilikuwa ninayo hendeli chini ya kitanda changu, yeye alikuwa na mjukuu kwenye dripu, na bado alikuwa ananilinda mimi. Nilitoka nje.

Nilirudi ofisini nikaingia kwa mkubwa wangu bila kugonga. Hakukasirika. Alikuwa mtu wa kucheka, aliwahi kunisaidia sana, na sikusahau hilo hata wakati nazungumza.

"Mkubwa, naomba tuwashe mashine. Kwa muda tu. Siku mgeni akija tunafunga, tunafuta maji chini, hakuna atakayejua."

"Binti, maji yale yamekaa chini ya ardhi tangu dunia iumbwe. Yatashindwa kungoja wiki mbili?"

"Maji hayajashindwa. Watu ndio wameshindwa. Wawili tumeshawazika."

Akafunga faili lililokuwa mbele yake. "Nani amekuambia ni maji? Una taarifa ya daktari inayosema hivyo?"

"Taarifa imeandikwa upya."

"Basi huna taarifa." Akashusha sauti, kama baba. "Sikiliza. Kuna mtu wa ngazi ya juu anafuatilia mradi huu kila siku. Waziri akikuta utepe umekatwa, hatakuuliza wewe, ataniuliza mimi. Nina watoto watano. Wewe bado uko kwenye majaribio, sivyo?"

"Ndiyo."

"Basi jaribiwa vizuri. Wiki mbili. Nenda ukanywe chai."

Alhamisi niliomba ruhusa ya kuumwa, na haikuwa uongo mtupu, kwa kuwa sikuweza kula. Nilikaa chumbani Mabatini na karatasi ya grafu iliyobaki tangu chuoni, nikaigawa katikati. Upande mmoja nikaandika sababu za kufungua, upande wa pili sababu za kutofungua. Upande wa pili ulijaa haraka. Nitafukuzwa. Baba atasema nini. Mkubwa wangu ana watoto. Kijiji kitanyimwa barabara. Wahitimu wanawake wataonekana hawana nidhamu, na atakayekuja baada yangu hatapewa nafasi. Pengine waziri atakuja kweli baada ya wiki mbili. Pengine mashine itaharibika nikiiwasha peke yangu. Niliendelea mpaka nikafika chini ya karatasi, nikageuza nyuma.

Nilipoisoma tena nikaona kwamba katika orodha yote ile, isipokuwa hofu ya mashine kuharibika, hakuna sababu moja iliyohusu maji. Mimi ni mhandisi wa maji. Upande mwingine nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu: mtoto anatoka Ijumaa. Sikuongeza mwingine, kwa sababu sikuwa na cha kuongeza.

Nilichukua karatasi nyingine nikaandika barua.

Ijumaa asubuhi nilipanda lori la barafu linalofuata samaki mialoni. Dereva alinikubalia nikae mbele. Nyuma yetu kulikuwa na shehena ya maji safi ya mjini, yamegandishwa, yanapelekwa kijijini kuhifadhi sangara ili wasioze kabla ya kufika kwa wazungu. Nilitaka kumwambia dereva jambo hilo, lakini sikuwa na uhakika kama ningeweza kulisema bila kupiga kelele. Nikashika hendeli mapajani.

Niliwasha mashine mwenyewe. Ilikataa mara mbili, mara ya tatu ikakohoa ikashika, na moshi ukapanda. Mlio wake uliwatoa watu majumbani. Kabla tangi halijapata maji ya kutosha, wanawake walikuwa wamekwishapanga ndoo mbele ya bomba lenye utepe, na mwenyekiti alikuwa anakuja mbio, shati halijafungwa vifungo.

"Binti! Mgeni amefika?"

"Hajafika, mwenyekiti."

"Nani amekutuma?"

"Sijatumwa."

Alitazama tangi, akatazama wanawake, akatazama lile jiwe lililofunikwa. Uso wake ulikuwa unafanya hesabu tena. Kisha akanisogelea na kusema kwa sauti ya chini, kwa huruma kabisa, "Basi usikate. Fungua fundo taratibu. Mgeni akija tutalifunga tena, tutawaambia watu wapige vigelegele kama mara ya kwanza. Hatatambua. Na wewe utapona."

Ilikuwa njia nzuri. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempendekezea mkubwa wangu jambo kama hilo juzi tu. Ingeokoa kazi yangu, ingeokoa barabara yao. Nilishika fundo, nikalifikiria. Niliwaona akilini wale watoto wa kwaya wakimshukuru mtu kwa maji ambayo wangekuwa wameyanywa kwa wiki mbili, na wanawake hawa wakifundishwa kushangaa. Nikaona kwamba hatutakuwa tumefungua chochote. Tutakuwa tumejifunza kudanganya vizuri zaidi, na kijiji kinachofuata kitafungwa utepe vilevile.

"Akina mama, nani ana kisu?"

Mmoja alinipa kisu cha kumenyea mihogo. Kilikuwa butu, nikalazimika kukereza. Hakuna aliyepiga kigelegele. Nilipofungua bomba walianza kugombana foleni, huyu amefika kwanza, yule ndoo yake ina tundu, na mwenyekiti akajikuta anawapanga. Nilijaza ndoo moja nikaibeba hadi nyumbani kwa yule mama, nikamwaga maji yote ya mtungini, nikausugua ndani kwa majani na mchanga, nikajaza upya na kufunika. Walikuwa bado njiani kutoka Misungwi.

Kisha nilikwenda ofisi ya kijiji. Nilimpa karani ile barua. Ilikuwa inamwarifu mhandisi wa wilaya kwamba leo, kwa uamuzi wangu mwenyewe, bila ruhusa yake na bila kushawishiwa na mwanakijiji yeyote, nimewasha mashine, nimetumia dizeli ya uzinduzi na kukata utepe, na kwamba mgonjwa wa kuhara na kutapika anayerudi kijijini leo anahitaji maji safi kesho na keshokutwa pia, kwa hiyo hendeli nimeiacha kwenye mashine. Karani aliisoma mara mbili. Akaniuliza kama nina uhakika, maana bado angeweza kusema hajaiona.

Nilimwomba agonge muhuri sasa hivi, kabla sijaanza kufikiri tena.